Mablanketi ya Kulinda Rangi ya Gari

Jamani, leo nimemfunga mume wangu kamba bila kujua!

Tulitangaziwa mvua ya mawe hapa Dubai. Nikalifikiria gari letu, tumelipiga rangi juzi tu.

Yalla, nikashuka na mablanketi yote ya nyumbani. Nikalifunika gubigubi, nikapitisha kamba chini ya gari na kukaza.

Nikapanda juu kumwambia mume wangu, Salim. Hayupo.

Nikampigia simu.

"Mke wangu, uko salama?" ananong'ona. "Nilijilaza garini kidogo. Nimeamka ni giza tupu, saa nane mchana! Nadhani ni Kiyama, natoa shahada hapa."

(Vioo vyetu ni vyeusi, ningemwona vipi?)

Halikuanguka hata jiwe moja. Rangi inang'aa.

Salim hanisemeshi.

Nimpikie nini?