Sahani ya Mnyang'anyi

Alfons Stöhr alipanga mawe ya barabara za Nuremberg tangu ujana mpaka magoti yakakataa. Shule aliiacha mapema. Maneno hakuyapenda, ya kusema alimwachia mkewe, Irmgard. Irmgard alisema kwa niaba ya wote wawili, akala kwa niaba ya wote wawili, na Alfons akaridhika.

Mwezi wa pili Irmgard alifariki. Nyumba ikawa kimya mpaka friji ikasikika kama mtu anayekohoa.

Tangu siku hiyo Alfons aliishi kwa supu. Kutafuna kulimchosha.

Kilichobaki ni Jumamosi. Kila Jumamosi Irmgard alikuwa akiwachukua wajukuu, Thea na mdogo wake Vinzenz, kwenda kula mchana mkahawani kwa Zeitler, wakati mama yao, Birgit, yuko kazini dukani. Sasa Birgit alikuja kwa baba yake, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Baba, mwenyewe huli. Watoto utawalishaje?"

"Nitawalisha."

"Jumamosi hii moja tu. Nikitoka kazini nawafuata hukohuko kwa Zeitler. Nikikuta mambo yameharibika, kila Jumamosi watakwenda Erlangen kwa mama mkwe. Na usininunie."

Alfons hakununa. Alikwenda kupiga pasi shati.

Kwa Zeitler palikuwa pamejaa. Mhudumu Gundi alipita na sahani nne mikononi, akasimama.

"Mzee Alfons! Umekonda kama mpini wa fagio. Unakula nini?"

"Supu."

"Supu! Na hawa majambazi?"

"Sahani ya mnyang'anyi!" watoto walijibu kwa pamoja.

Sahani hiyo kila mkahawa wa huko unayo. Ni sahani tupu na uma, hailipiwi. Mtoto haagizi chake. Anamnyang'anya mkubwa aliyekuja naye. Irmgard alikuwa akiagiza bega la nguruwe la kuwatosha wapanga mawe watatu, halafu anajifanya anatazama dirishani huku nyama ikipungua.

Supu ililetwa. Maji ya nyama, juu yake majani ya kitunguu yanaelea. Vinzenz akachovya uma. Ukatoka mtupu. Akachovya tena.

"Babu, hii haiibiki."

"Bibi alikuwa na nyama," Thea alisema.

Alfons aliitazama supu. Ni kweli. Watu wamekuja kuiba naye hana cha kuibiwa. Akageuka kumwita Gundi, akapunga mkono, akakohoa, akapunga tena. Gundi alikuwa amezama jikoni. Alfons aliporudisha uso mezani, viti viwili vilikuwa vitupu.

Thea alikuwa meza ya pili, kwa Bibi Meisel, mjane wa muuza vifungo.

"Samahani," Thea alimwambia kwa adabu, "huu ni unyang'anyi."

Bibi Meisel hakuuliza kitu. Aligeuza uso, akatazama dirishani, kama inavyotakiwa. Nusu ya donge lake la viazi ikaondoka. Meza ya tatu wakaona, wakageuka nao. Kufumba na kufumbua mkahawa mzima ulikuwa unatazama nje, watu wazima na tai zao, na watoto wawili wanazunguka na uma. Barabarani bwana mmoja akakuta nyuso zote zile zinamtazama. Akasimama. Akakagua zipu ya suruali yake. Akaondoka mbio.

Ambaye hakutazama dirishani ni mzee Dotzler. Alikaa peke yake kwenye meza ya wateja wa kudumu, ile isiyokaliwa na mgeni hata watu wakisimama mpaka mlangoni. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Soseji yake aliikata kwa vipimo sawa. Kipande cha tatu alikiona kinaondoka kwenye uma wa Vinzenz.

"Simama hapohapo! Sahani ya mnyang'anyi ni ya kuwaibia watu wako. Mimi ni mtu wako?"

Vinzenz alitafuna, akafikiri. "Sijui."

"Hujui! Soseji umekula, halafu hujui! Zeitler! Zeitler, njoo huku!"

Zeitler akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Dotzler ana haki," Zeitler alisema kwa huzuni. "Kwangu hapa mtoto anamwibia mtu wa meza yake. Nikiruhusu kila meza, kesho wataniletea shule nzima."

"Basi arudishe," Dotzler alisema.

"Siwezi," Vinzenz alisema, akafungua kinywa kumwonyesha.

"Mwache mtoto, wewe jiwe la kusagia!" Bibi Meisel alifoka. "Mimi nimeibiwa donge na sijafa!"

"Wewe umekula rushwa ya tabasamu."

"Na wewe hakuna atakayekupa hata hiyo!"

Watu wakacheka, lakini Alfons alikuwa ameshasimama, kofia mkononi. Aliiona Erlangen. Aliziona Jumamosi zake zinapanda treni. Alimgeukia Irmgard aseme. Palikuwa na kiti kitupu.

"Meza," Alfons alisema.

"Meza imefanyaje?" Zeitler aliuliza.

"Zikigusana ni meza moja."

Zeitler alikuna kichwa kwa upawa. Alitafuta kosa, hakuliona. "Zikigusana," alisema taratibu, "ni meza moja. Ndiyo."

Basi ikawa kukokota. Bibi Meisel alisukuma ya kwake kwa nyonga. Meza zikaungana, zikapinda kwenye nguzo, zikarudi. Gundi akakosa njia, akawa anapitisha sahani juu ya vichwa. Alfons alipiga magoti, magoti yakapiga kelele, akayapuuza. Alikagua kila kiungo kwa kidole, akaweka vikaratasi vigumu vya kuwekea bilauri za bia chini ya miguu ya meza iliyopungua, mpaka meza ikakaa sawa kama barabara ya meya.

"Yangu haisogezwi!" Dotzler alikumbatia meza yake.

"Isisogezwe," Alfons alisema. Akaileta safu nzima kwake, mpaka ikaigusa.

Dotzler aliinama kuangalia kiungo. Alikiangalia sana. Hata unywele usingepita.

"Sawa," alisema. "Kisheria, sawa." Akageuza uso dirishani, na Vinzenz akachukua kipande cha nne.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Dotzler, akiwa bado anatazama nje, aliuliza, "Na mtu mzima je? Wa meza hii hii?"

"Sahani ni ya watoto," Zeitler alisema.

"Na mimi ni mtoto wa mtu. Lete sahani."

Akaletewa. Alimwibia Bibi Meisel kabichi, naye akataka sahani yake alipize. Kisha kila mtu akataka. Gundi alibeba sahani tupu mpaka kabati likaisha. Chakula kilizunguka ile meza kwa uma mpaka kikamalizika, na watu wakabaki na sahani tupu wanatazamana.

"Sasa nani ataagiza?" Zeitler alikaribia kulia. "Nyote mkiwa wanyang'anyi, mimi nitamuuzia nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Alfons. Supu yake tu ndiyo ilikuwa nzima.

"Agiza, Babu," Thea alisema. "Agiza kama Bibi."

Alfons alisukuma supu pembeni.

"Bega," alisema. "Kubwa."

Lilipofika, ngozi yake imekauka na mchuzi unatambaa, uma zilikuja kutoka kila upande. Alfons akatazama dirishani, kwa ajili ya watoto. Aliporudisha macho, robo haipo. Akakamata uma wake. Ukiibiwa namna ile huna nafasi ya kuhuzunika; unatafuna. Alitafuna. Alimeza. Alizuia mkono wa Dotzler kwa kiwiko, akatafuna tena.

Hivyo ndivyo Birgit alivyowakuta. Alisimama mlangoni na mkoba wake. Meza kama treni iliyopinda. Mwanawe mdogo amelala chali juu ya benchi, anacheua. Thea anamlisha mchuzi bibi asiyemjua. Na baba yake, mchuzi kidevuni, amefumbata sahani kwa mikono miwili.

"Baba! Ni nini hiki?"

"Usinisemeshe," Alfons alisema, kinywa kimejaa. "Wataniibia."

Birgit aliweka mkoba chini. Akamtazama akimeza. Halafu akatoa simu, akapigia Erlangen.

"Mama, kuhusu Jumamosi. Usijisumbue, watabaki na baba." Mama mkwe akauliza huko kuna nini, mbona makelele. "Anakula," Birgit alisema. "Hapana, mama, hakuna shida. Anapigana tu na mzee mwenzake kwa uma."