Kuku Watatu wa Kogo na Unga wa Kolini

Walisema sitafika popote. Nilipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea ufugaji wa kuku, wazee wa upande wetu wa Litein walicheka wakashika mbavu. "Kuku ana masomo gani?" waliuliza. Mmoja alitabiri kwamba nitaosha sahani za Wazungu mpaka nizeeke. Nilirudi na diploma, suti mbili, na kazi katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichopakana na mashamba ya chai. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijiinua mwenyewe, na sioni haya kusema hivyo.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilihusu ini. Kuku weupe wa mayai, wakifungiwa kwenye vizimba na kulishwa mahindi mengi, hunenepa vizuri, kisha asubuhi moja unamkuta mmoja amelala chali. Ukimpasua, ini ni la njano, limejaa mafuta, linapondeka kwa kidole kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Tulitaka kujua kama kolini, kirutubisho cha unga kinachochanganywa na chakula, kingelikinga ini hilo.

Kuku wa kituo hawakutosha. Mkubwa wangu, daktari wa mifugo Mwingereza, alisema tungoje mwaka ujao. Mimi kungoja? Nilizunguka kwa majirani nikawaambia, "Niwekeeni kuku kama tunavyowekeana ng'ombe." Kila mtu alielewa. Kwetu unaweza kumpa rafiki ng'ombe wako amtunze. Yeye anakamua, wewe unabaki mwenye mali. Ng'ombe akifa, rafiki anakuletea ngozi uione.

Jirani yetu mjane, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, alinipa kuku wake watatu. Hakuwa na wengine.

Tulipiga kura nani apewe kolini na nani akose. Kuku wa Kogo waliangukia upande wa kukosa. Sikumwambia. Kila siku ya soko alipitia kituoni kuwatazama, na siku moja alimkuta hapo mchuma chai mmoja, mtu wa Kisii, ambaye naye aliniazima wawili. Wake walikuwa wanapata kolini.

"Tazama zangu zilivyojaa!" Kogo alisema. "Zako zimekonda kama wewe."

"Mama, kuku wangu wanakula kwa adabu."

"Adabu haitagi mayai!"

Nilicheka pamoja nao, na huku nilijua unene ule ulikuwa nini. Ningeweza kumwambia siku ile, tukiwa tumesimama mbele ya kizimba. Nimeifikiria siku ile mara nyingi kuliko siku niliyopewa diploma.

Mwisho wa majaribio tuliwachinja wote tukawapasua. Waliopata kolini, maini yao mengi yalikuwa na rangi ya afya. Wa Kogo, wawili walikuwa na maini ya njano tupu. Wa tatu alikuwa ameshakufa kizimbani, tumbo limejaa damu. Maini yaliwekwa kwenye chupa yakapelekwa Nairobi. Mabaki tuliyachoma shimoni, kama kanuni za kituo zilivyotaka. Ripoti ilisifiwa, na jina langu lilikuwa humo, chini ya la daktari. Niliwasomea wageni ukurasa ule hata wasiojua Kiingereza.

Kisha Kogo akaja.

"Nasikia wamekufa. Nionyeshe."

"Kuku hana ngozi ya kuonyesha, Kogo."

"Ana miguu. Ana mabawa."

"Vimechomwa."

"Umechoma mali ya mtu kabla mwenyewe hajaiona?"

Nikamjibu kwamba ni kuku tu. Aliondoka, na kwa msimu mzima wa mahindi hakunisalimu. Kanisani nikikaa benchi lake, alihama.

Mimi si mtu wa kukaa na cha watu. Mshahara ulipotosha nilinunua kuku soko la Sigowet, nikawapakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli, nikapita nyumba kwa nyumba. Mchuma chai alipokea wawili wake akaniuliza kama sihitaji na jogoo. Wengine walinishukuru. Jua lilipoanza kuinama nilikuwa nimebakiza Kogo peke yake, na kuku wanne, mmoja wa nyongeza.

Aliwapokea akawafunga miguu. Akauliza, "Wale walikufa kwa nini?"

Jambo hilo nilikuwa nimewaeleza watu wenye tai, kwa Kiingereza, bila kukwama. Kwake yalihitajika maneno machache: dawa ilikuwapo, nikawapa kuku wa wengine, wako nikawanyima ili nione wataumwaje.

"Ugonjwa, Kogo," nilisema. "Ugonjwa wa ini."

"Ugonjwa ni wa Mungu. Basi nilikukasirikia bure, mjukuu wangu. Unisamehe."

Akatikisa kibuyu, akanimiminia mursik. Nikanywa maziwa yale mpaka mwisho, nikamwambia nimemsamehe.