Gemu Lililokuja Ndani ya Sanduku la Harusi

Nililisikia gemu kabla sijaliona: mlio mwembamba, wa haraka, kama saa ya mezani iliyoshikwa na kichaa, ukitoka nyuma ya pazia la chumba cha dada yangu. Nilikuwa natoka chuo cha Kurani, juzuu kifuani, vumbi la mtaa wetu wa Makorora miguuni. Nikasimama ukumbini. Mlio ukapanda, ukashuka, ukakatika. Kisha nikamsikia dada, ambaye sikupata kumsikia akitukana: "Mwanaharamu! Katumbukia tena."

Siku hizi watu wa rika langu wakikutana hubishana juu ya magemu bora ya zile mashine za kaseti. Huyu atasema vifaru, yule pikipiki, mwingine lile la kupiga bata kwa bastola ya plastiki. Mimi husema ni lile la mtu mdogo anayekimbia kuelekea kulia. Wakiniuliza kwa nini, siwezi kukaa vizuri kitini. Vidole gumba vinaanza kwenda vyenyewe.

Mashine yetu ilikuja ndani ya sanduku la harusi. Mchumba wa dada alikuwa Mpemba, mtoto wa wakulima wa karafuu aliyeliacha shamba akaingia kwenye biashara, maana miaka ile milango ya bidhaa ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari tukawa tunaona madukani vitu tusivyojua hata majina yake. Kwetu sanduku la bwana harusi hufunguliwa mbele ya wanawake wote, na kila kilichomo huinuliwa juu kikapigiwa vigelegele. Shangazi akainua kanga: vigelegele. Akainua udi: vigelegele. Akainua kidude cheupe chenye mikia miwili, akakigeuzageuza.

"Hii nini? Pasi?"

"Redio hiyo, bi mkubwa," akasema jirani.

"Redio gani haina sikio wala mdomo?"

"Za kileo ndivyo zilivyo."

Kikapigiwa vigelegele virefu kuliko kanga zote.

Dada alikuwa mwari, amewekwa ndani, anasingwa asubuhi na jioni, hatoki hata uani mpaka nikahi. Televisheni ambayo baba aliinunua kabla hajapunguzwa kazi kiwandani ikahamishiwa chumbani kwake, walau asichoke. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikawa mwenzake.

Vifaru tulivichoka kwa siku mbili. Bata hatukuwapiga hata mmoja, kwa sababu bastola haikuja. Likabaki la mtu mdogo. Roho tatu, steji nane, na ukishapita mahali huwezi kurudi kushoto tena. Ukingo wa kioo unakuzuia. Mashine haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima, unaanza mwanzo. Umeme wa mgao ukikatika, unaanza mwanzo. Na ulikatika: tukiwa kwenye daraja, tukiwa majini, tukiwa hewani. Dada alikuwa akibaki amekaa ukingoni mwa kitanda, anatikisa goti, anakitazama kioo cheusi kama mtu aliyeambiwa subiri.

"Kijijini kwa mchumba wangu hakuna umeme," aliniambia siku moja. "Mashine nakuachia wewe. Lakini nataka nimfikishe huyu mtu mdogo. Nione kuna nini mwisho, ndiyo niende."

Nikahi ikasomwa. Shemeji akahamia kwetu kwa fungate, siku saba, kama desturi. Asubuhi alikaa barazani na wanaume; sisi tulirudi kwenye gemu. Siku ya tano dada akaingia steji ya nane. Hatukuwahi kufika huko. Kuta zilikuwa nyekundu, na ule mlio ulikuwa umebadilika, unakimbia zaidi. Hapo hapo wanawake wakaanza kuingia, walioalikwa kuja kusoma Yasini kuwaombea maharusi. Dada akabonyeza kitufe cha kati, mtu mdogo akaganda hewani mguu mmoja juu. Akaifunika televisheni kwa kanga, akatoka kwenda kukaa mkekani.

Mama akaninong'oneza: "Kazime lile dude. Haisomwi Kurani hapa na mtu anarukaruka chumba cha pili."

Ningezima televisheni peke yake, mtu wetu angebaki hai gizani. Lakini wanawake walikuwa wananitazama, na nilitaka adabu yangu ionekane kamili. Nikang'oa plagi zote mbili. Kisha nikaitandaza kanga upya, vizuri, bila kunyanzi.

Baada ya dua dada aliinua kanga. Akaziangalia plagi sakafuni, akaniangalia mimi.

"Umefanya vizuri," alisema.

Angenipiga kofi, usiku ule ningelala.

Siku ya sita umeme haukuja kabisa. Siku ya saba, asubuhi, dada alikuwa mbele ya televisheni tangu aliposali, buibui mwilini, viatu miguuni. Mizigo ilikwishatolewa. Steji ya tano. Ya sita. Mimi nilishindwa kukaa. Nikawa nakwenda dirishani, narudi, nakwenda.

"Mwari, watu wanangoja," shangazi alisema mlangoni.

"Kidogo tu, shangazi."

"Kidogo tu unasema tangu chai! Umeolewa na mtu au na kidude?"

Nje shemeji akacheka. "Mwacheni amalize. Ila maji yakikupwa chombo hakitoki, tutalala hapa wiki nyingine."

Steji ya saba akapoteza roho mbili. Akaingia ya nane na moja. Kuta nyekundu tena. Shangazi safari hii hakuishia mlangoni. Aliingia akamshika bega.

Dada akaninyooshea pedi ya kuchezea bila kuondoa macho kwenye kioo. "Shika."

"Tusimamishe," nikasema. "Bonyeza cha kati."

"Nisimamishe mpaka lini?"

Nikaipokea ikiwa na joto lake, inanukia udi. Mtu mdogo alikwishaanza kukimbia.

"Ukimfikisha niandikie kuna nini," alisema. Midomo yake ikagusa utosi wangu. "Na usigeuke, utamuua."

Nikasikia viatu vyake ukumbini, shangazi akisoma dua kwa sauti ya chini, mama akimwita mtu alete maji ya kunyunyiza kizingitini. Shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Mbele palikuwa na shimo, na ng'ambo yake moto. Nikabonyeza, akaruka. Alipokuwa bado hewani, nyuma yangu mlango ukafungwa.