Taa Nyekundu ya Gari la Kiingereza

Kabla sijaona chochote, mwanangu, nilisikia. Ilikuwa kama sauti ya sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni, mfuniko ukigongagonga, maji yakinung'unika kutafuta pa kutokea. Siku hiyo naikumbuka kuliko siku niliyooa. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu, jua la mchana limetulia juu ya mibuni ya Kalinzi, kijijini kwetu, wala hapakuwa na moshi popote. Ila sauti ile ilitoka chini ya boneti ya gari langu, na kwenye kiti cha nyuma alilala dada yangu Stazia, uchungu wa kuzaa umemshika tangu asubuhi, mkono wake ukiwa umeng'ang'ania kishikio cha mlango.

"Kinachochemka huko ni nini?" aliniuliza.

"Ni kawaida yake, dada," nikamjibu.

Haikuwa kawaida yake. Na kwa nini nilimdanganya dada yangu katika saa kama ile, ndicho ninachotaka kukueleza leo, polepole, kwa sababu tangu jana sijatulia. Tangu uliponionesha ile picha kwenye simu.

Gari zuri, sikatai. Nimelitazama mpaka macho yakauma. Pua ndefu, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao iliyong'arishwa ikawa kama meza ya waziri. Na bei yake, uliponitajia, ulicheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Gari la kitajiri likishuka bei hadi kumfikia mtu kama mimi na wewe, mwanangu, huwa bado lina mahitaji yake yote ya kitajiri. Hilo muuzaji hakukwambia, na wala si kwamba ni mwongo. Wewe hukuuliza.

Nami sikuuliza. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, karani pale bandarini Kigoma, suruali zangu zimenyooka kuliko maisha yangu. Mzungu mmoja, mhandisi wa visima, alikuwa anarudi kwao na hakuweza kuondoka na gari lake. Gari la Kiingereza la milango minne, kijani kilichokolea, lenye umri wa kutosha kuamkiwa shikamoo. Aliniuzia kwa pesa isiyotosha kununua pikipiki mpya. Akanikabidhi funguo, akanikabidhi na kitabu kinene cha matengenezo, akasema, "Kisome." Kitabu nilikiweka kabatini pamoja na vyeti vyangu. Gari nikaenda kulipitisha mbele ya soko la Mwanga, taratibu, vioo vimeshushwa, niangalie nani anaangalia.

Waliangalia. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimebeba maharusi sita. Sikuwatoza, walichonilipa ni kuniita mheshimiwa.

Lakini lile gari lilikuwa na shida ya joto. Mshale wa kipimo ulikufa zamani, enzi za mhandisi, na kilichobaki ni taa moja ndogo nyekundu upande wa kulia wa usukani. Maji yakipungua au injini ikizidiwa, taa inawaka. Kila kilima, taa. Kila foleni ya harusi, taa. Na wewe unajua watu wetu. Bibi harusi yuko nyuma na shela lake, mpambe wake anainamisha shingo mbele: "Kaka, hiyo nyekundu ni ya nini? Tutafika kweli?" Nilikuwa natokwa na jasho kuliko injini yenyewe.

Fundi wangu aliitwa Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, aliyezeeka akitengeneza mashine za boti za uvuvi. Alilipa gari langu jina: Bwana Mkubwa.

"Shikamoo, Mzee Rajabu."

"Marahaba. Bwana Mkubwa anaumwa wapi leo?"

"Haumwi. Ni hii taa tu. Naomba uukate waya wake."

Alikuwa amechuchumaa, akaacha bisibisi ianguke mchangani. "Inakufanyia nini?"

"Inanitia aibu mbele ya watu."

"Rejeta limeoza, mpira wa chini unavuja, na humo ndani umejaza maji ya ziwa ingawa nilikukataza mara mbili. Chumvi imeganda mpaka kwenye njia za maji. Rejeta jipya tuliagize Dar, lije na treni, tungoje. Hilo ndilo la kufanya."

"Kungoja muda gani? Jumamosi nina harusi."

"Basi waende kwa baiskeli, wataoana vilevile." Akaokota bisibisi yake. "Waya siukati. Gari ni lako, ukitaka kulichoma lichome, ila kibiriti usiniombe mimi."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Jioni ile ile nikafungua kifuniko cha mbao mimi mwenyewe, nikaichomoa ile balbu. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikawasha gari, na dashibodi ikawa shwari kabisa. Nakwambia kweli, nililala usingizi mzuri.

Hiyo ndiyo hatari yenyewe, mwanangu. Kwamba nililala usingizi mzuri.

Wiki mbili baadaye nikapanda Kalinzi kumwona mama. Nilifika kabla tu ya adhuhuri, nikaliegesha uani, majirani wakaja kuligusa. Nilikuta Stazia ameanza uchungu kabla ya siku zake, na mkunga wa jirani amekaa kitini na uso usiosema kitu. Alinivuta pembeni. "Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi."

Kwetu, wakati ule kabla ya lami, mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume wanne huiweka mabegani na wengine hutembea pembeni kupokezana. Kila nyumba hutoa mtu. Hawaitwi mara mbili. Wakisikia kuna mgonjwa, jembe huachwa kwenye tuta. Na siku ile walikuwa wameshafika, wanaume kama kumi na wawili, ingobyi imesimamishwa ukutani. Aliyewaongoza ni Sendegeya, jirani yetu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa.

Nikatoka nje nikizungusha funguo kidoleni.

"Jamani, asanteni sana. Rudini mashambani. Leo kuna gari."

Sendegeya akalitazama gari, akanitazama mimi. "Bwana karani, hilo gari lako limeamka vizuri?"

"Limeamka kuliko wewe."

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Kisha akasema, na hapo hakuwa anatania, "Sisi tutakufuata kwa nyuma na ingobyi mpaka umalize kile kilima cha njia ya mjini. Ukishavuka, tunarudi. Hatupotezi kitu."

Ningesema ndiyo, hadithi ingekuwa nyingine. Ni neno dogo. Lakini niliwaona wanaume kumi na wawili wakitembea nyuma ya gari langu la Kiingereza wamebeba machela tupu, na sikuivumilia picha ile.

"Mnifuate ili mnisukume? Nendeni mkalime, bwana."

Wakaenda. Mama na mkunga niliwaambia wafuate baadaye na nguo za mtoto, nikaondoka na dada yangu peke yake, nikiwaona wanaume kwenye kioo wakitawanyika, mmoja mmoja, kila mtu njia yake.

Basi ndiyo ile sauti ya sufuria. Ilianza tulipoufikia mguu wa kilima. Macho yangu yakakimbilia upande wa kulia wa usukani, kwa mazoea, na pale palikuwa na tundu jeusi. Halikusema chochote. Nikajiambia labda ni mawe yanagonga chini. Nikajiambia nikipunguza mwendo itapoa. Nikajiambia mengi, mwanangu, katika mita mia mbili. Stazia alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo, akifika saba anaanza upya. Kisha mvuke ukaruka mbele ya kioo, mweupe, ukafunika barabara yote, usukani ukawa mzito mikononi mwangu na injini ikazima. Haikuwaka tena.

Nilitoka, nikafungua boneti, nikashika mfuniko wa rejeta kwa mkono mtupu kama mwendawazimu. Alama hii hapa, unaiona kila siku na hujawahi kuniuliza. Nilitazama juu na chini ya barabara. Hakuna mtu. Nyumba za karibu zilikuwa bondeni, na wanaume niliowafukuza walikuwa wameshatapakaa kwenye mashamba ya pande zote za mlima.

"Mdogo wangu," Stazia aliita kutoka ndani. "Usiniache."

Nilimwacha. Ningefanya nini? Nikakimbia kurudi nilikotoka, viatu vyangu vya mjini vikiteleza, nikipiga kelele za kuomba watu. Sendegeya ndiye aliyenisikia kwanza. Alitia vidole mdomoni akapiga mluzi, mwingine akaupokea ng'ambo ya bonde, na mwingine mbele yake. Lakini kuwakusanya watu waliokwisha kutawanyika si kazi ya dakika tano, na ingobyi ilikuwa imerudishwa nyumbani. Walipomweka dada yangu mabegani, kivuli changu kilikuwa tayari kirefu.

Nami nikaingia kubeba. Nilikuwa sijabeba mtu tangu nimenunua gari. Kila nilipoambiwa jirani fulani anapelekwa, nilikuwa mjini na harusi. Bega langu liliwaka moto kabla hatujamaliza kilima. Hakuna aliyenisema. Walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini ili hatua zilingane, na kila tulipopokezana, Sendegeya alimwambia Stazia mahali tulipofika: "Sasa tumeuona mkuyu, dada. Sasa tunateremka." Barabarani chini tukapata lori la ndizi, likamfikisha Kigoma.

Dada yangu alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amenyamaza, na hakulia kamwe.

Muuguzi hakunilaumu. Aliniuliza tu, huku akinawa mikono, "Mlikuwa wapi tangu mchana?" Mpaka leo nikiulizwa na mtu yeyote nilikuwa wapi, hata kwa salamu tu, moyo wangu hushtuka.

Gari lilivutwa hadi Ujiji. Mzee Rajabu akafungua dashibodi, akachungulia, akatia kidole kwenye tundu.

"Balbu iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Nilikuwa natembea nayo, sijui kwa nini.

"Dada yako anajua?"

"Hapana. Wote wanajua liliharibika tu. Gari kuukuu huharibika, mzee."

"Gari halikukuficha kitu hata siku moja," alisema. "Lilikwambia kila kilima. Wewe ndiye uliyelifunga mdomo, sasa unalisingizia uzee." Akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Injini hii siifungui. Nenda kwanza kamwambie mwenyewe. Ukirudi nitajua kama umesema, nitakuona usoni."

Nilizunguka ufukweni pale Ujiji siku nzima nikitafuta namna ya kulisema jambo lile likawa dogo. Haikupatikana. Nikaenda nikalisema lilivyo, mbele ya kitanda chake. Stazia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Hakusema nami kwa wiki nyingi, muda wote aliokaa kwa shangazi yetu pale Mwanga akirudisha nguvu. Nilipeleka chakula, nikapokewa sahani mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri. Sikukatazi kulinunua. Mimi mwenyewe, rejeta lilipokuja na treni na silinda hedi, kile kichwa cha injini kilichopinda kwa joto, ikachongwa, niliendesha lile gari miaka tisa mingine, na nililipenda zaidi kuliko mwanzo. Lakini kabla hujatoa hela, nenda na fundi asiyekuogopa, mtu wa kukwambia hapana, mkalitazame injini ikiwa bado baridi. Kitabu chake kisome ukurasa kwa ukurasa. Usilitie maji ya ziwa. Tenga fedha ya kulitengeneza kabla ya fedha ya kulipaka rangi. Taa ikiwaka, simama, hata kama nyuma yako kuna msafara wa tarumbeta; shuka, fungua boneti mbele ya watu wote, useme gari limechemka. Ukiona huwezi kuyatamka maneno hayo mawili mbele za watu, basi gari hilo si lako bado. Na siku watu wakikwambia tutakufuata kwa nyuma, wakubalie. Usiwarudishe mashambani kwa sababu umepata kiti cha ngozi. Najua unalifikiria gari tu. Mimi nasema pia juu ya nyumba utakayojenga, na mwili wako, na mke utakayemwoa.

Baraka ya kukupa sina yangu mwenyewe. Nakupa niliyopewa mimi, uende nayo.

Siku niliyomrudisha Stazia Kalinzi, balbu ilikuwa mahali pake. Tulipokuwa katikati ya kilima, ikawaka; rejeta lilikuwa jipya, ila chumvi ya zamani ilikuwa bado kwenye njia za maji. Nilisimama. Nilizima injini, tukakaa robo saa, nusu saa, watu wakipita na mizigo wakituchungulia. Nikaongeza maji, tukaendelea. Tulipofika njia panda ya kwetu aliniambia nisimame tena.

"Nitashuka hapa. Nataka kupita kwao wote walionibeba, nyumba kwa nyumba. Sitaki kufika kwa Sendegeya nimekaa kwenye hivi viti."

"Utachoka, dada. Bado hujapata nguvu."

"Nitapumzika njiani." Akakusanya kanga yake, akaweka mkono kichwani mwangu, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu nikiwa mtoto. "Mungu akupe kuiona shida ingali ndogo, mdogo wangu. Akupe na mdomo wa kuisema. Na siku ukishindwa, akupe mabega ya watu."

Kisha akashuka, akaufunga mlango kwa mikono miwili, akaenda zake.