Ndama Aliyekataa Kidole

Kidole si jina alilopewa na mama yake. Alilipata zizini, kwa kazi ya kidole chake cha kati. Hukitia kinywani mwa ndama, ndama akidhani ni chuchu hunyonya, kisha kidole na pua vyote huzamishwa kwenye ndoo ya maziwa, na huyo, kashajua kunywa. Shule aliiacha darasa la tano, au shule ndiyo iliyomwacha yeye, tusifukue makaburi. Lakini kwa ndama, kaa mbali. Majirani walimwita kabla hawajanawa uso, naye alikwenda kifua mbele kama bwana harusi.

Kwa hiyo ng'ombe wa mkewe alipozaa, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Wa mkewe hasa: alimnunua kwa jasho la cherehani, na mizao yote ya nyuma ilikuwa madume yaliyoishia buchani. Safari hii likatoka jike. Mke aliinua mkia akahakikisha, akaushusha, akauinua tena, kama anayesoma barua ya posa.

Ila uzazi ulikuwa mgumu. Ndama alibanwa njiani, ulimi umevimba, unaning'inia pembeni kama soksi. Kusimama hawezi. Mama yake akakamwa dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano. Ndama huzaliwa hana kinga. Kinga yake ni hiyo. Na tumbo huipokea saa za mwanzo tu. Zikipita ni duka lililofungwa, gonga upendavyo.

Kidole akapiga magoti, akatia kidole. Ndama hakunyonya. Akamkuna kaakaa. Ulimi ukalala tu, wa baridi.

"Kachoka kidogo," alisema. "Tumpe nafasi."

"Ulisema hivyo jua likiwa juu ya paa," mkewe akasema. "Sasa liko wapi?"

"Mama watoto, mimi nimeanza kulisha ndama wewe hujui kutunga uzi."

"Basi mlishe."

Akachukua chupa. Akamwinua ndama kichwa juu, akamimina kwa nguvu, na hapo ujanja ukaanza kumla mwenyewe. Ndama alikoroma, akakohoa, maziwa yakamtoka puani. Mke akampokonya chupa.

"Unamzamisha. Kichwa kishushe."

Wakamwinamisha, dang'a ikidondoka kwenye majani makavu, wote wawili wakisikiliza pumzi inavyokwaruza. Ikatulia kidogo. Kidole akamfuta ndama pua kwa shati lake.

Kaka wa mkewe alikuwa na duka la dawa za mifugo, na mrija: mpira mrefu wenye mfuko, unaofikisha maziwa moja kwa moja tumboni. Kidole alimcheka kwa mrija huo kila walipokusanyika watu. "Huo ni wa wasio na vidole," ndiyo ilikuwa salamu yake. Sasa mke alimnyoshea simu.

"Piga wewe. Nikimwita mimi, utamsimamia na mizaha mpaka ndama afe."

Kidole akapiga. "Shemeji, njoo na mrija."

"Mrija upi? Ule wa wasio na vidole?"

"Huohuo. Ndama wa dada yako hanyonyi."

Upande wa pili kicheko kikakatika. "Pasheni dang'a, iwe vuguvugu. Msichemshe, itaganda kama yai."

Shemeji alifika mkono wa kulia umefungwa bendeji. Fahali alikuwa amemkanyaga. "Utatia wewe," alisema.

"Mimi?"

"Vidole si unavyo?"

Kidole akaupima mrija kutoka puani hadi nyuma ya bega, akaulowesha, akauingiza kando ya ulimi.

"Usisukume. Ngoja ameze," shemeji akasema. "Haya, papasa shingo. Unasikia vitu vingapi?"

Kidole alipapasa. Lile bomba la pumzi, gumu, lenye pingili. Kingine hakukiona. Jasho likamwingia machoni. "Kimoja."

"Basi uko kwenye njia ya mapafu. Ukimimina hapo, umeua. Toa."

Mke aligeukia ukuta. Kidole akautoa, akaanza upya, polepole. Ndama akameza. Akapapasa: bomba gumu, na kando yake kitu laini kinachoteleza chini ya ngozi.

"Viwili."

"Una hakika?"

Siku nyingine angejibu kabla ya swali kuisha. "Papasa na wewe," alisema.

Shemeji akapapasa kwa mkono wa kushoto, kwa muda mrefu kuliko Kidole alivyopenda, kisha akaitikia kwa kichwa. Mke akaja kuinua mfuko. Dang'a ikashuka, ikashuka, na ndama hakukohoa. Ulipobaki mtupu, Kidole akaubana mrija, akauchomoa. Ndama alijaribu kuinua matako, akaanguka, akajaribu tena.

"Na mlo wa jioni?" mke akauliza.

"Tutamlisha wenyewe," Kidole akasema. "Mrija utabaki hapa."

Shemeji akafungua mdomo aseme neno. Dada yake akamtazama. Akaufunga.