Ndoo ya Majivu

Juzi jirani alitoa majivu uani, nami nikasikia tena harufu ya lile jiko la tonton, lililopasha nyumba joto kwa kuchoma punje za mahindi. Tonton, yaani mjomba wetu, alitulea ugenini, katika nchi ya baridi, wazazi walipofariki.

Mchana mmoja alilikwangua jiko, akaweka majivu yenye makaa nje, katika ndoo ya chuma. Alipotoka, niliiingiza chumbani walimolala wadogo zangu wawili, nikafunga dirisha, kama mama alivyofanya na mbabula, jiko letu la makaa, kule Bukavu.

Tonton aliporudi, aliitoa mbio, akafungua dirisha.

“Nani alileta hii ndoo huku?”

“Ni mimi, tonton. Batoto banasikia baridi.”

Aliweka kiganja chini ya pua ya kila mmoja. Nilidhani anatafuta makamasi. Leo najua hewa ya makaa ingeweza kuwaua usingizini; alikuwa anatafuta pumzi.