Dawa ya Hamu ya Kula

Adelina alizaliwa Lusu, huko Nzega, na dawa za mitishamba alifundishwa na bibi yake. Alipoolewa na Ngollo, wakaishi Ntalikwa, naye akawa anauza dawa zake katika soko la Mtendeni, amezitandaza juu ya gunia pembeni mwa duka la vitenge. Wateja walimwita Mama Julieth, kwa jina la binti yake. Walimletea watoto waliokataa chakula baada ya homa, na wazee ambao kila kitu kiliwawia kichungu mdomoni.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliuliza kwanza: choo kikoje, usingizi anaupata, ana mawazo? Ndipo alipofunga tangawizi kavu kwenye karatasi, au ukwaju wa kuloweka, au mizizi michungu ya kuchemsha na kunywa kidogo kabla ya kula, ili mate yatoke na tumbo liamke. Aliyekonda upesi alimwambia aende hospitali, asimpotezee muda.

Kwa hiyo mumewe alipoanza kusukuma sahani, Adelina alijiona ana majibu tayari. Ngollo alikuwa mlaji. Akitoka kwenye tumbaku, aliufagia ugali na mlenda huku akisimulia habari za shamba. Sasa alimega tonge moja, akalitafuna mpaka likapoa mdomoni.

"Nimeshiba," alisema.

"Umekula wapi?"

"Sina hamu tu, Mama Julieth."

Masika yalipoanza walikuwa wamemzika Lukumani, mdogo wake Ngollo. Adelina akaamua ni msiba unaomla. Yale maswali anayowauliza wateja hakumuuliza mumewe; mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka yote utamuuliza nini? Akamchemshia mizizi. Ngollo akanywa taratibu, funda kwa funda, akashukuru. Adelina akabadilisha, akampa tangawizi yenye asali. Siku Ngollo alipomaliza bakuli la uji, Adelina alifurahi, akawaambia majirani dawa imeshika. Lakini suruali za mume zilizidi kupwaya, na shati la kanisani likamkaa kama la kuazima.

Mchana mmoja mvua ilimfukuza sokoni mapema. Alimkuta Ngollo nyuma ya jiko, ameshika kipande cha nyama ya mbuzi ya kuchoma. Alikitafuna kwa uchu, akajaribu kumeza, mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akakitema mkononi na kumrushia mbwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Baba Julieth! Unafanya nini?"

Ngollo alishtuka, akafuta mdomo. "Njaa ninayo," alisema hatimaye. "Hizo dawa zako ndizo zinaizidisha. Ila chakula hakipiti." Akagusa kifua. "Kinakwama hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila ukinipa kikombe unanikodolea macho, unasubiri nikwambie nimepona. Nikaona haya."

Adelina alikaa chini palepale kwenye tope. Hasira ilimpanda, kwanza kwa mume, halafu kwake mwenyewe, maana mtu baki angekuja na hali ile angemwelekeza hospitali siku ileile.

Kesho yake walikwenda hospitali ya mjini, wakapewa rufaa ya Mwanza. Daktari aliyempima alikuta uvimbe kwenye koo la chakula. Alipouliza dawa walizotumia, Adelina alizitaja zote, moja baada ya nyingine, bila kuficha.

"Hizo humsaidia aliyepoteza hamu," daktari alisema kwa upole. "Mzee hamu anayo. Njia ndiyo imeziba."

Adelina aliinamisha kichwa. Angekaripiwa angepata nafuu.

Walimwekea Ngollo mpira mdogo wa kupanua njia, akaanza matibabu mengine. Kuhusu kupona, daktari hakuahidi kitu, nao hawakumbana.

Gunia bado linatandazwa Mtendeni, ingawa siku nyingine Adelina halikunjui kabisa. Mteja akija, swali la kwanza ni kama mgonjwa hataki chakula au hawezi kukimeza, na anataka kusikia kwa mgonjwa mwenyewe. Nyumbani anasaga karanga mpaka ziwe laini kama mafuta, anazichuja, anazikoroga kwenye uji.

Juzi Ngollo alionja, akasita. Adelina akaacha alichokuwa anafanya.

"Kimekwama?"

"Hauna chumvi," alisema Ngollo, akamnyooshea bakuli.